Tamthilia na filamu: istilahi za msingi kupitia onyesho moja dogo

Anayeanza kujifunza uigizaji au utengenezaji wa filamu mara nyingi hupewa orodha ndefu ya maneno: mgogoro, kilele, maleba, fremu, shoti, muendelezo. Anayakariri yote, kisha anapokabidhiwa skripti hajui aanzie wapi. Hilo hutokea kwa sababu maneno haya yalizaliwa kazini. Kila moja lilikuja kujibu shida iliyomkabili mtu aliyekuwa na watazamaji mbele yake, na ukilitenga na shida hiyo hubaki sauti tupu.

Kwa hiyo hapa tutachukua onyesho moja la watu wawili, tuliandike, tulipandishe jukwaani, kisha tulipeleke mbele ya kamera. Kila istilahi itaingia pale itakapohitajika. Njiani shika jambo moja: jukwaani mtazamaji ameketi pake, nasi tunalivuta jicho lake lije kwetu, katika filamu tunalibeba jicho lenyewe na kulipeleka tunakotaka. Mengi yanayofuata yanatokana na tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Tafuta tendo, na kinachokwamisha tendo hilo

Neno drama lina asili ya Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kutenda. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, aliyeandika kuhusu sanaa hii katika karne ya 4 KK, alitaja viungo sita vya tanzia, yaani mchezo wa kuigiza wenye mwisho wa huzuni: msuko, wahusika, lugha, fikra, wimbo na mambo ya kutazamwa. Msuko aliutanguliza mbele ya wahusika, kwa hoja kwamba tanzia huiga matendo. Waandishi wengi wa baadaye wamebishana naye. Mimi namshauri anayeanza amfuate, maana ni rahisi kumpa mhusika umri, kazi na tabia nzuri, halafu asiwe na lolote la kufanya.

Onyesho letu ni hili. Binti amesimama sebuleni, ana barua mkononi. Mlango unagongwa. Anaisukuma barua chini ya mto wa kiti. Mama anaingia na kuketi juu ya mto huo huo.

Binti ana lengo: barua isionekane. Ana kikwazo: mama amekaa juu yake. Lengo likigongana na kikwazo, tumepata mgogoro. Mgogoro si lazima uwe ugomvi. Hawa wawili wanaweza kupendana sana na kuzungumza kwa upole, na bado mgogoro ukawepo. Huu wa binti na mama ni mgogoro wa nje. Kama binti pia anatamani kusema ukweli na anaogopa, basi ana mgogoro wa ndani, na waigizaji wazuri huutafuta huo kwanza.

Binti ndiye mhusika mkuu, kwa kuwa lengo lake ndilo linaloliendesha onyesho. Mama ndiye mhusika mpinzani, hata kama hajui kwamba anapinga chochote. Wapenzi wa filamu humwita mhusika mkuu steringi, tena husema steringi hafi. Hapo kuna hatari ya kuchanganya mambo mawili. Mhusika mkuu hahitaji kuwa jasiri, mwema au mshindi, na katika tanzia mara nyingi hufa au huangamia. Linalomfanya awe mkuu ni kwamba safari tunayoifuata ni yake.

Sasa tenganisha hadithi na msuko. Hadithi ni mambo yote kwa mpangilio yalivyotokea: barua iliandikwa, ikatumwa, ikafika, binti akaisoma, mama akarudi. Msuko, ambao wengi huuita ploti, ni mpangilio uliouchagua wewe wa kuyaonyesha. Sisi tumeanza mlango unapogongwa. Tungeweza kuanza mama akiwa ameshaketi, kisha turudi nyuma tuone barua ikifichwa. Hiyo ni mbinu rejeshi. Mwaka 1863 Mjerumani Gustav Freytag aliuchora msuko kama piramidi ya sehemu tano: utangulizi, kupanda kwa mgogoro, kilele, kushuka na hatima. Piramidi hiyo hukusaidia kuona mahali kazi yako ilipolegea. Usiigeuze kuwa fomu ya kujaza.

Hatua ya 2: Amua nani anajua nini

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo yenye utajiri kuliko zote. Katika onyesho letu kuna watu watatu: binti, mama na mtazamaji. Badilisha anachokijua mmoja tu, na onyesho zima hubadilika.

Mtazamaji akimwona binti anaficha barua, anajua asichokijua mama. Hali hiyo huitwa kinaya cha kidrama. Kila neno la mama, hata la kawaida kabisa, linakuwa na uzito, kwa sababu sisi tunajua amekalia nini. Mwandishi Mgiriki wa kale Sophocles aliijenga tanzia ya mfalme Oedipus juu ya msingi huo: mfalme anamsaka muuaji kwa bidii, na watazamaji, walioijua hadithi tangu zamani, wanajua kuwa anajisaka mwenyewe. Lakini mtazamaji asipouona ufichaji, akamkuta binti amesimama tu huku akitetemeka, atajiuliza kuna nini. Hapo tumepoteza kinaya na tumepata fumbo. Taharuki, ile hamu yenye wasiwasi ya kutaka kujua litakalofuata, huweza kujengwa kwa njia zote mbili. Ila ni lazima uchague.

Jukwaa lina mbinu zake za kufungua yaliyo moyoni. Mhusika akiwa peke yake na akajisemea mawazo yake kwa sauti, huo ni uzungumzinafsi. Akiwa na wenzake jukwaani na akawageukia watazamaji kusema jambo ambalo wenzake wanachukuliwa kuwa hawalisikii, huo ni usemi kando. Hotuba yoyote ndefu ya mhusika mmoja, hata anapowaambia wengine, ni monolojia. Tatu hizi huchanganywa mara kwa mara. Jiulize tu: anamwambia nani, na nani anaruhusiwa kusikia?

Hatua ya 3: Liandike

Mazungumzo ya wahusika huitwa dayalojia. Yale yaliyo kwenye mabano ni maelekezo ya jukwaani: mienendo, sauti, mwanga, hali ya mwili. Hivi ndivyo onyesho letu linavyosomeka:

MAMA: (Akiketi.) Kuna aliyekuja?
BINTI: Hakuna, Mama.
MAMA: Mbona umesimama?
BINTI: Nimechoka kukaa.
MAMA: Basi niletee maji ya kunywa, mwanangu.
(Binti hatoki.)

Hakuna aliyetaja barua. Neno halijatajwa, lakini kila mstari unaizunguka. Maana hii iliyo chini ya maneno ndiyo chakula cha mwigizaji. Ukiandika “Naogopa utaiona barua yangu, Mama,” utakuwa umemnyima kazi yake. Tazama pia ombi la maji: ni dogo, la upendo, na ndilo kilele, kwa kuwa akienda atamwacha mama peke yake na barua.

Katika tamthilia, sehemu kubwa huitwa tendo, na ndani ya tendo mna maonyesho. Jihadhari na neno onyesho, kwani pia hutumika kwa tukio zima ambalo watu huja kulitazama. Muktadha ndio unaoamua. Kwenye filamu wengi husema sini, na sini hubadilika kila panapobadilika mahali au wakati. Ndiyo maana kila sini hufunguliwa kwa mstari wa namna hii: NDANI. SEBULE – JIONI. Mstari huo humhudumia kila mtu. Wa taa anajua ni jioni, wa mandhari anajua ni sebule, na mtayarishaji anaweza kukusanya sini zote za sebule zipigwe siku moja hata kama ziko mbalimbali kwenye hadithi.

Kwa desturi, ukurasa mmoja wa skripti ya filamu iliyopangwa vizuri hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha. Ni makadirio tu. Mapambano ya mistari mitatu yanaweza kula dakika tano.

Tofauti kubwa ya uandishi iko hapa: katika skripti ya filamu andika kinachoonekana na kinachosikika tu. “Anakumbuka utoto wake” haipigiki picha. “Anapapasa kovu kwenye kiganja” inapigika.

Hatua ya 4: Lipandishe jukwaani

Anza kwa kujua watazamaji watakaa wapi. Jukwaa la prosenio lina upinde au fremu mbele yake, na watazamaji wote wako upande mmoja, kama wanaotazama ndani ya chumba kilichoondolewa ukuta. Ukuta huo usiokuwepo ndio ukuta wa nne. Mwaka 1758 mwandishi Mfaransa Denis Diderot aliwashauri waandishi na waigizaji waufikirie umesimama ukingoni, wasiwajali watazamaji. Mhusika anapowasemesha watazamaji moja kwa moja, tunasema ameuvunja. Jukwaa lililochomoza lina watazamaji pande tatu. Jukwaa la duara limezungukwa pande zote, na hapo kila mwigizaji siku zote amempa mtu mgongo, kwa hiyo ni lazima asogee mara kwa mara, tena kwa sababu inayoeleweka.

Kisha jifunze pande. Kulia na kushoto kwa jukwaa ni kwa mwigizaji anapowatazama watazamaji, wala si kwa aliyekaa kitini. Mbele ya jukwaa ni karibu na watazamaji. Nyuma ya jukwaa ni mbali nao, lakini bado ni mahali panapoonekana. Pale pasipoonekana, ambapo waigizaji husubiri, ni nyuma ya pazia. Huko Ulaya majukwaa mengi ya zamani yaliinama kuelekea watazamaji, hivyo kwenda nyuma kulikuwa kupanda na kuja mbele kulikuwa kushuka.

Sasa panga mienendo: nani asimame wapi, asogee lini. Mwongozaji ndiye anayelifanya hili pamoja na waigizaji. Mama akiketi nyuma, na binti akasimama mbele amempa mgongo, tunaona nyuso zote mbili kwa pamoja. Binti anaweza kuonyesha hofu ambayo mama haioni, na hakuna kamera duniani inayohitajika kwa hilo. Mama akiketi mbele na binti akawa nyuma, sura ya binti inapungua nguvu, ila mto unakuwa karibu nasi, na barua inakuwa mhusika wa tatu. Jaribu njia zote mbili ukiwa na watu wawili na kiti. Dakika kumi za jaribio hilo zitakufundisha kuliko sura nzima ya kitabu.

Angalia pia kwamba mwigizaji anayerudi nyuma wakati mwenzake anaongea humlazimisha mwenzake ageuke na kuwapa watazamaji kisogo. Anayefanya hivyo kwa kujua anamwibia mwenzake onyesho.

Kuhusu vitu: mandhari ni mahali palipojengwa au kuashiriwa; maleba ni mavazi na mapambo ya mwigizaji; vifaa ni vitu vinavyoshikwa na kutumiwa, kama barua yetu. Barua hiyo iandaliwe iwe kubwa na nyeupe kiasi cha kuonekana na aliyekaa safu ya mwisho. Sauti nayo hivyo hivyo: ifike nyuma bila kuwa makelele, na hilo hutoka kwenye pumzi na matamshi, si kwenye koo.

Mazoezi huanza mezani, watu wakisoma na kuuliza maswali. Halafu hufuata ya mienendo, ya kuunganisha vipande, ya taa na sauti, na ya mwisho yenye maleba yote, ambayo huendeshwa bila kusimama kana kwamba watazamaji wapo. Baada ya hapo meneja wa jukwaa ndiye anayeshika usukani usiku wa onyesho: yeye ndiye anayetoa ishara za taa, sauti na pazia. Mwongozaji anakuwa ameshamaliza kazi yake.

Hatua ya 5: Lete kamera

Tarehe 28 Desemba 1895 ndugu wa familia ya Lumière walionyesha filamu zao fupi jijini Paris mbele ya watazamaji waliolipa. Kila moja haikufika dakika moja, na kamera ilisimama mahali pamoja kama mtu aliyeketi kitini. Ilichukua miaka kadhaa hadi watengenezaji wazoee kuinyanyua kamera na kuipeleka hadi usoni pa mtu. Istilahi za kamera zinaanzia katika ugunduzi huo.

Fremu ina maana mbili. Ni picha moja kati ya nyingi zinazopita haraka hadi jicho likaona mwendo. Tangu sauti ilipoingia kwenye filamu, kiwango kilichozoeleka cha sinema ni fremu 24 kwa sekunde. Pia ni mipaka ya picha: kilichomo ndani, na kilichoachwa nje. Cha nje nacho hufanya kazi. Kishindo cha mlango usioonekana kinaweza kutisha kuliko mlango wenyewe.

Shoti ni kipande cha picha kisichokatwa. Shoti hiyo hiyo ikirudiwa kupigwa, kila mrudio ni teki. Shoti huunda sini, na sini huunda filamu.

Ukubwa wa shoti huhesabiwa kwa mwili wa mtu. Shoti pana humwonyesha mtu mzima pamoja na mahali alipo. Shoti ya kati humkata kiunoni. Shoti ya karibu huonyesha uso. Ya karibu sana huonyesha jicho, au ncha ya barua iliyochungulia chini ya mto. Shoti ya karibu ni kama kumshika mtu kidevu na kumwambia: tazama hapa. Ukimshika kila dakika hatakusikia tena, kwa hiyo iweke akiba. Katika onyesho letu ningeitumia mara mbili tu: kwenye barua, na kwenye uso wa binti anapoombwa maji.

Pembe ya chini, kamera ikitazama juu, humkuza mtu. Pembe ya juu humpunguza. Hii si sheria, ila ni mazoea ya jicho: tulipokuwa wadogo tuliwatazama wakubwa tukiwa chini. Kamera ikigeuka kulia na kushoto ikiwa pale pale kwenye miguu yake, ni tofauti na kamera inayosafiri. Ya kwanza ni mtu anayegeuza shingo. Ya pili ni mtu anayetembea, na huleta hisia kwamba tunaingia katika jambo. Kukuza kwa lenzi hakufanani na kusogea, kwani lenzi hukuza picha yote kwa pamoja bila kutuhamisha.

Kwa mwanga, jifunze kwanza taa tatu: taa kuu inayotoa umbo, taa ya kujaza inayolainisha vivuli, na taa ya nyuma inayomtenga mtu na ukuta. Zima ile ya kujaza uone sebule ya amani inavyogeuka kuwa mahali pa siri.

Uigizaji pia hubadilika. Mwigizaji aliyezoea kufika safu ya mwisho akifanya vile vile mbele ya shoti ya karibu ataonekana anapiga kelele kwa uso. Apunguze ukubwa, asipunguze nia. Kuna ugumu mwingine: sini hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi, kwa hiyo anaweza kulia asubuhi kwa kifo ambacho chanzo chake kitapigwa kesho.

Hapo ndipo muendelezo unapohitajika. Mama akiwa ameshika mkoba mkono wa kushoto katika shoti pana, awe ameushika mkono huo huo katika shoti ya karibu iliyopigwa saa mbili baadaye. Teua mtu mmoja wa kuandika na kupiga picha za kumbukumbu. Usitegemee kukumbuka.

Hatua ya 6: Rekodi sauti kwa heshima

Wanaoanza huhangaikia kamera na kuisahau sauti, kisha watazamaji wanaondoka. Picha yenye chembechembe huvumilika. Maneno yasiyosikika hayavumiliki. Sogeza maikrofoni karibu na mdomo kadiri fremu inavyoruhusu. Kabla ya kuondoka, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba hicho hicho, watu wote wakiwa wametulia. Kila chumba kina mvumo wake, na mhariri atauhitaji kuziba mapengo.

Kile kibao kinachopigwa mbele ya kamera kina kazi. Sauti na picha zikirekodiwa na mashine mbili, mlio wake na picha yake ikifunga huonyesha mahali pa kuziunganisha, na maandishi yake hutaja sini na teki. Usiponacho, piga makofi mara moja mbele ya lenzi.

Mwisho, tenganisha sauti ya ndani ya hadithi, ambayo wahusika wanaweza kuisikia, na ya nje, kama muziki tunaousikia sisi tu. Redio sebuleni ni ya ndani. Inaweza kuanza ndani, mama akaizima, na ukimya ukawa mzito kuliko zumari lolote.

Hatua ya 7: Hariri

Katika miaka inayozunguka 1920, mwongozaji filamu Mrusi Lev Kuleshov aliunganisha picha ile ile ya uso mtulivu wa mwigizaji na picha tofauti: sahani ya supu, maiti ndani ya jeneza. Watazamaji walisoma njaa, kisha huzuni, kwenye uso usiobadilika. Funzo lake kwetu ni la moja kwa moja: uso wa mama ukifuatiwa na mto, anajua. Uso ule ule ukifuatiwa na dirisha, hajui. Maana iko kwenye mkato, yaani pale shoti mbili zinapokutana.

Ili mikato isimvuruge mtazamaji, chora mstari wa kufikirika kati ya mama na binti, na kamera ibaki upande mmoja wake. Huo ni mhimili, na kanuni hiyo huitwa ya digrii 180. Ukiuvuka bila kumwonyesha mtazamaji, wawili waliokuwa wanatazamana wataonekana wote wanatazama upande mmoja. Ukikata kutoka shoti moja kwenda nyingine ya mtu yule yule, badilisha pembe kwa angalau digrii 30, au ukubwa wa shoti waziwazi, la sivyo picha itaruka. Na kata katikati ya tendo: mkono unaanza kunyanyuka kwenye shoti pana, unamalizia kwenye ya karibu. Jicho hufuata mkono, mkato hauonekani.

Ukimaliza, tazama kazi yako mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti: je, bado unaelewa nani anaficha nini? Mara ya pili fumba macho usikilize tu. Kisha rudi kwenye pale binti anapoombwa maji, hesabu sekunde anazokaa kimya kabla ya mkato, ongeza moja, utazame tena.